Tiketi ya Posho Kwenye Waya

Wajukuu zangu wanaita kuponi. Sisi kule Mufindi, kwenye shamba la chai, miaka ya hamsini, tuliita tiketi ya posho. Unachuma chai wiki nzima, unapewa tiketi, unaipeleka dukani, unapimiwa unga. Wengi hawakujali tiketi inakwenda wapi baada ya hapo. Mimi nilijali, maana siku moja nusura ininyime unga.

Mwenye duka alikuwa anazitunga kwenye waya. Ukishapokea unga, unapiga dole gumba nyuma ya tiketi yako, kwa wino. Jumamosi karani wa shamba anakuja kuchukua waya, anazipeleka ofisini, anazichoma zote kwenye pipa. Zikishaungua, huna pa kudai.

Ijumaa ile nilitoa tiketi yangu. Mwenye duka akaitunga, halafu ndipo akasema unga umeisha, nirudi kesho. Nikarudi. Watoto wangu watatu walikuwa wamelalia viazi viwili.

"Wewe mama, ulishachukua," akasema. "Na dole ulipiga."

Karani alikuwa ameshashika waya, anatoka. Nikasimama mlangoni na kapu langu na mimba ya miezi saba. Apite wapi?

"Mama, nipishe."

"Sikupishi, bwana karani. Itafute tiketi yangu."

Mwenye duka akacheka. "Kwani unajua kusoma, wewe?"

"Sijui. Jina atasoma yeye. Dole nitasoma mimi."

Karani akaitafuta, akaigeuza. Dole lilikuwa zima, zuri, mistari imezunguka kama kiota. Nikawaonyesha langu. Mundu ulilipasua nikiwa msichana, nikikata nyasi za kuezekea. Kovu limeshuka katikati toka juu mpaka chini. Nikalichovya kwenye wino, nikalipiga kwenye karatasi ya kufungia sukari. Likatoka vipande viwili.

Karani akamgeukia mwenye duka. "Mzee, hebu lete na lako tulione."

Hakulileta. Akashika pishi, akaanza kupima unga kichwa chini.

"Jaza," nikamwambia. "Shindilia. Hiyo ni nusu."

Akashindilia. Sikusema asante, na mpaka leo sijutii.

Tangu wiki ile tiketi yangu haikutoka mkononi mpaka unga uwe ndani ya kapu. Wanawake wenzangu wakafanya vilevile. Mwenye duka akalalamika kwamba tunamchelewesha.

"Basi pima haraka," tukamjibu.