Nguvu Mbili, Bega Moja

Kwenye kituo cha zimamoto walimwita Kisiki, naye hakulichukia jina hilo. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye miaka kumi na saba kazini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akirudi nyuma mbele ya moto. Wakubwa walikuja wakapita, magari yakapakwa rangi mpya, yeye yupo. Wenzake walikuwa wakisema, "Mpira wa maji mpeni Kisiki, mlale usingizi." Ndiyo maana siku ilipoandikwa kwa mashine, muhuri juu yake, kwamba aliuachia mpira wa maji kwa uzembe, waliomjua walidhani ni utani mbaya.

Haukuwa utani.

Mambo yalianza na mkuu mpya wa kituo, aliyekuja na faili jipya na msemo mmoja: "Tubane matumizi ya watu." Tangu zamani mpira mkubwa hushikwa na wawili. Mmoja mbele ameukumbatia mdomo wake, mwingine nyuma anamwegemeza kwa bega. Mkuu akaamua kwamba mmoja anatosha. Kisiki alimfuata ofisini.

"Mkuu, kidole kimoja hakivunji chawa. Ule mpira una teke."

Mkuu akacheka. "Si wewe ndiye Kisiki? Visiki navyo vinaogopa mateke?"

Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, ghala la magodoro likashika moto. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, wa kukaba koo. Kisiki alisimama peke yake kwenye lami iliyolowa, mdomo wa mpira kwapani, akilenga dirisha la juu. Maji hayakufika. Mkuu, aliyekuwa kando ya gari, akamwamuru dereva aongeze nguvu ya pampu.

"Yule yuko peke yake, mkuu," dereva akasema.

"Nimesema ongeza!"

Dereva akaongeza. Maji yaliruka yakafika dirishani, yakapita. Wakati uleule mpira ukamjia Kisiki kifuani kama fahali. Viatu vikateleza, akarudi nyuma hatua tatu ambazo hakuzipiga yeye, akajibamiza kwenye ukingo wa barabara. Kitu kikalia begani, ka! kama kijiti kikavu. Mpira ukamponyoka, ukawa unajirusha huku na huko kama nyoka aliyekanyagwa, ukavunja kioo cha duka la jirani kabla dereva hajawahi kuyafunga maji.

Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulivunjika mahali pawili. Barua ya onyo ilimkuta nyumbani, mkono umefungwa shingoni, mumewe akimfunga vifungo vya blauzi. Mumewe ndiye aliyemsomea. Alipofika kwenye neno "uzembe" alimtazama mkewe usoni, akasoma tena polepole kama mtu anayetumaini kwamba herufi zitabadilika.

Kikao cha nidhamu kilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima kutoka makao makuu, mwenye miwani na maneno machache. Wa pili alikuwa mkuu mwenyewe, kana kwamba mshtakiwa wa kweli anaweza pia kuwa hakimu. Wa tatu alikuwa mhandisi wa idara, kijana wa suti, mwenye shahada mbili. Huyo ndiye aliyeombwa kueleza.

"Sayansi haina upendeleo," mhandisi akaanza. "Kila tendo lina mjibizo wake, ulio sawa nalo, wa upande wa pili. Mpira unayasukuma maji mbele, maji yanausukuma mpira nyuma, kwa nguvu ileile. Sasa, tano ukitoa tano unabaki na nini?"

"Sifuri," mkuu akadakia.

"Sifuri. Nguvu hizo zinafutana. Haiwezekani mpira ukamrusha mtu. Aliuachia."

Damu ilimpanda Kisiki hadi masikioni. Alijua kwamba yale si kweli kama anavyolijua jina la mama yake, lakini shule aliiacha kidato cha pili, na ulimi ulikosa pa kushika.

"Kwa hiyo hili bega nimejivunja mwenyewe?"

"Hatujasema hivyo," mkuu akajibu.

"Mmesemaje basi?"

Mkuu akageuza kurasa za faili lake. Mwenyekiti akaahirisha kikao hadi wiki iliyofuata.

Kisiki hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, mwalimu wa fizikia wa sekondari, akamkuta sebuleni anapiga pasi. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaisimamisha pasi.

"Amesema zinafutana?"

"Amesema sifuri."

"Makubwa! Wanafunzi wangu nao hukosea hapohapo, lakini angalau wao hawaandikii watu barua za onyo. Sikiliza, mdogo wangu. Nikikuzaba kofi sasa hivi, shavu lako litauma?"

"Jaribu uone."

"Na kiganja changu?"

"Nacho kitauma."

"Haya. Kiganja kimelisukuma shavu, na shavu limekisukuma kiganja, nguvu ileile. Sasa, kwa kuwa mimi kiganja kinaniuma, wewe shavu limepoa?"

Kisiki akafikiri. "Litapoaje? Shavu ni langu, kiganja ni chako."

"Umemaliza! Nguvu ni mbili, lakini kila moja imeangukia kitu chake. Zingefutana kama zote mbili zingekiangukia kitu kimoja. Moja imeyapata maji, yakaenda dirishani. Ya pili imeupata mpira, na mpira ukaja kwako. Maji yaliyokwenda dirishani hayawezi kukusaidia kubeba hiyo ya kwako."

Kisiki hakuridhika haraka. "Mbona tukiwa wawili hatusogei? Hapo si zimefutana?"

"Hapo kuna zinazofutana, ila si hizo. Mpira unawasukuma nyuma. Ninyi mnakaza miguu, na ardhi inawasukuma mbele. Hizo zote mbili zimewaangukia ninyi, ndiyo maana mnabaki mlipo. Lakini mtu mmoja, uzito wa mmoja, kwenye lami iliyolowa? Ardhi ilikosa namna ya kukushika."

Kisiki aliupapasa ule mkono uliofungwa. "Na yule mwenye shahada mbili, haya hayajui?"

Dada akaishika tena pasi. "Hilo ndilo linaloniudhi. Ama hajui, ama anajua."

Kikao cha pili Kisiki aliingia na mfano wake wa kofi, akaueleza mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Mkuu akatabasamu. Mhandisi akasema huo ni mfano wa mtaani.

Kisiki akasimama. "Basi tuuache mtaa. Gari liko uwanjani, mpira uko uwanjani. Shuka uushike peke yako."

Mhandisi akavitazama viatu vyake. "Haina haja."

"Kama ni sifuri, unaogopa nini?"

Mwenyekiti akafunga faili lake. "Twende, mhandisi. Hata mimi ningependa kuiona hiyo sifuri."

Wakashuka wote. Kisiki alimfuata dereva, akamwambia kwa sauti ya chini, "Nusu tu. Usifikishe kule tulikofika siku ile." Kisha akawaweka askari wawili wa zimamoto nyuma ya mhandisi, tayari kumdaka. "Sitaki avunjike," akawaambia. "Roho hiyo sina."

Maji yalipokuja, mhandisi alisimama kwa muda wa kufumba na kufumbua. Halafu akaanza kurudi kinyumenyume, visigino vikikwaruza saruji ya uwanja, macho yamemtoka. Askari wakamdaka makwapani, wote watatu wakateleza, wakakaa chini kwenye dimbwi. Dereva akafunga. Uwanja mzima ulicheka, hata wapishi wa kantini walitoka kuona.

Kisiki hakucheka.

"Mmeona?" alisema kwa hasira. "Nilisema ofisini, nikachekwa. Dereva alisema palepale motoni, akafokewa. Hamkusikia mpaka suti ya mtu ilipolowa. Mfupa wangu mimi haukutosha kuwa ushahidi?"

Kicheko kikakatika. Mhandisi aliinuka, maji yakimtiririka mikononi. "Nilikosea hesabu," akasema.

"Hesabu hukukosea, ndugu yangu. Tano kutoa tano ni sifuri. Ila tano moja ilikuwa ya maji, na nyingine ilikuwa yangu."

Barua ya onyo ilifutwa siku hiyohiyo. Lakini ripoti ya kikao ilipokuja, ilisema kwamba ajali ilitokana na "unyevu wa barabara." Kisiki aliisoma akaisukuma mezani.

"Barabara ya zimamoto italowa tu, tunamwaga maji! Nani aliniweka pale peke yangu? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Akakataa kutia sahihi. Ripoti ilirudi mara mbili, kila mara na maneno mapya ya kuficha mtu yuleyule. Mara ya tatu mwenyekiti aliiandika mwenyewe: askari alikuwa peke yake kwa amri ya mkuu, na nguvu ya pampu iliongezwa kwa amri ya mkuu, licha ya kuonywa. Kisiki aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Wawili wakarudi kwenye mpira mkubwa. Bega lake halikurudi. Mpaka leo mkono hauinuki kuvuka sikio, na siku hizi anafundisha askari wapya. Dereva alikuja nyumbani kumwomba radhi, wakanywa chai, yakaisha. Mkuu hakuomba. Yeye alihamishiwa ofisi kubwa zaidi, yenye kiti cha kuzunguka.

Siku ya kumuaga mkuu, wenzake walimsihi Kisiki, kama mkongwe wa kituo, aseme maneno mawili. Alisimama, mkuu akaweka uso wa kupokea sifa.

"Nenda salama," Kisiki akasema, akakaa.

Mkuu aliendelea kusubiri kwa muda.