Siku Mbu wa Makongeni Alipozirai

Mpaka leo nikikaribia ukumbi wa kanisa letu hapa Makongeni navuka barabara, tena haraka, maana kuna watu hawajui kwamba naitwa Mutua lakini wakiniona tu wanaanza "nzzzzz" kama mbu, na mimi ni baba wa watu, dereva wa lori la simenti, mwili wenyewe ndio huu mnaouona.

Chanzo ni jirani yetu Nekesa. Alikuwa amelazwa akisubiri kutolewa uvimbe tumboni, na upasuaji ulikuwa unaahirishwa kwa sababu damu hakuna, familia ikaambiwa itafute watu wa kujitolea. Mumewe, Wekesa, mtu wa vibarua kiwandani, aligonga kila mlango. Kila mtu alisema atakuja. Siku wahudumu wa damu walipopanga vitanda vyao ukumbini, waliofika hawakujaza hata benchi, na Wekesa akashinda mlangoni akitazama barabara. Sura ile sikuiweza.

Wahudumu wakakubali kurudi Jumamosi iliyofuata, na mimi nikajifanya mwerevu. Nikamwambia mke wangu Ndinda (yeye ni fundi wa nguo), "Watu hawaji kwa sababu tunawaomba kwa huzuni. Nishonee vazi la mbu, nipite mtaani nikiwaambia nimekuja kutafuta damu yao."

Ndinda akaniangalia. "Mutua, wewe unaogopa hata sindano ya cherehani yangu."

Nikacheka. (Laiti ningemsikiliza.)

Jumamosi nikatoka na suti nyeusi ya kubana, zipu mgongoni, mabawa ya chandarua (ndiyo, mbu aliyevaa chandarua, msiniulize) na mdomo wa bomba la maji. Nilizunguka mtaa nikipiga kelele, "Toeni damu, haiumi hata kidogo!" na watu wakanifuata wengi ajabu, mpaka uwanja wa kanisa ukajaa, nami nikajiona bingwa. Shida ni kwamba hakuna aliyeingia ndani. Wote walisimama pale pale wakinipiga picha.

Ndipo Mama Otieno, yule wa kuuza mboga, akapaza sauti. "Wewe mbu! Unasema haiumi, sivyo? Haya, anza wewe tuone!"

"Aanze! Aanze!" umati ukaitikia.

Nikaingia, na umati nyuma yangu. Zipu ikakataa kufunguka, ikabidi wakate mkono wa vazi kwa makasi, halafu nikalala upande kwa sababu ya mabawa, huku jasho likinitoka. Muuguzi akasema, "Kaka, pumua tu," akatoa sindano. Mimi nakumbuka dari, basi. Walioshuhudia wanasema niliruka kitandani kabla hata hajanigusa, nikayumba, nikaangukia meza ya soda na biskuti, na vyote vikaenda chini pamoja nami.

Nilipozinduka miguu yangu ilikuwa juu ya kiti, bawa moja limevunjika, na kijana mmoja anacheka hadi machozi: "Wasee, mbu ameogopa sindano!" Nilifumba macho tena makusudi.

Wekesa ndiye aliyechuchumaa kando yangu. Hakucheka. Akanishika mkono akaninong'oneza, "Ndugu yangu, inuka uone. Foleni imefika getini."

Nikainuka. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Mama Otieno, mkono wa blauzi ameshaukunja. "Kama ni aibu umeshaimaliza yote wewe," akaniambia. "Sisi tutaogopa nini tena?" Na video ilikuwa imeshasambaa, watu wakaja mpaka kutoka mtaa wa Majengo kumwona huyo mbu, na wakiwa hapo hapo wanatoa damu. Mimi mwenyewe nilitoa mwisho kabisa, macho nimefumba, Ndinda amenishika kichwa.

Upasuaji ulifanyika wiki hiyo hiyo. Wekesa alipopiga simu kusema Nekesa ameamka na anadai uji, nilikuwa nikipakia simenti, nikakaa chini kwenye vumbi nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Tulipoenda kumwona, alinitazama mara moja tu, akashika tumbo. "Mutua, tafadhali toka nje," akasema huku akijizuia kucheka, "nyuzi zangu zitafumuka." Nikatoka mbio, na sijawahi kufukuzwa mahali nikafurahi namna ile.

Kutafuta damu nitaendelea, hilo sikatai. Lakini safari ijayo nipeni kazi ya kubeba viti.