Madebe ya Mkwe na Betri ya Lori

Nikifungua bomba hapa Chilangala, juu huku Newala, huyanusa maji kabla ya kuyanywa. Wajukuu wananicheka. Natafuta harufu ya petroli.

Enzi za Mwingereza nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Masasi, mwenye duka. Mke wangu alikaa huku kwa mama yake, maana kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Mimi nilihamia nusu: moyo Chilangala, miguu Masasi. Nilimwona mara moja kwa juma tu, lori likipanda Newala.

Maji huku juu yalikuwa taabu. Wanawake walishuka bondeni alfajiri, wakarudi jua limewaka na mtungi mmoja. Basi mimi nikifika chini ya mlima nilijaza madebe manne, nikayapanga nyuma ya kiti changu, penye mvuke wa tangi la petroli, nikapanda nayo. Mkwe hatazamwi usoni, ndiyo heshima. Niliyatua nyuma ya nyumba, nikakohoa. Nikamsikia ndani akimwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia mimi: "Mwambie mumeo debe moja limepungua. Au alishikwa na kiu njiani?"

Lilikuwa linavuja. Ningelitazama siku ile ningejiokoa, lakini nani anatazama debe wakati mke amesimama pale?

Ndipo lori likaanza ugonjwa wake. Mshale wa chaji haupandi, betri inakufa, kila asubuhi naliwasha kwa kuzungusha hendeli mpaka bega linawaka. Mara mbili lilinizimikia mlimani. Tajiri akanijia juu: "Likizima tena, Newala nampa dereva mwingine. Wewe utabaki hapa kushona magunia."

Magunia siyaogopi. Newala ikiondoka, mke wangu nitamwona lini?

Shule niliacha mapema, lakini kuna fundi mmoja wa Ndanda, mzee wa ugoro, alinifundisha kutafuta ugonjwa kwa hatua. Nikabonyeza mkanda kwa kidole: umekaza. Nikaunga balbu ndogo kwenye dinamo, injini inanguruma, nikaifunika kwa kofia yangu niione vizuri mchana ule. Ikawaka! Dinamo ni nzima, basi umeme unapotelea njiani. Nikafungua kisanduku cha kateauti, kinachopitisha umeme wa dinamo kwenda kwenye betri, nikasugua meno yake kwa msasa. Mshale umelala vilevile.

Nikakaa kwenye bampa, nikamkumbuka mke wangu alivyokuwa akifunga upya kanga yake akisikia honi. Nadhani nililia, sina hakika, jasho lilikuwa jingi.

Mwisho nikang'oa kiti. Sakafuni kuna mraba wa kutu, kipimo cha debe. Chini yake ule waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesisi umeota unga wa kijani. Nikaushika, ukakatikia mkononi. Maji yangu mwenyewe yameula!

"Ugonjwa ulikuwa nini?" tajiri akauliza.

"Vumbi la Newala, tajiri."

Ndiyo, nilidanganya. Ningesema kweli angepiga marufuku madebe. Nikatia waya mwingine, nikakwangua chesisi mpaka ikang'aa, nikapaka grisi. Mshale ukapanda, nami nikapanda nao, safari hii madebe yamefungwa nyuma kabisa, juu ya mizigo.

Mke wangu akateka kata moja, akanywa, akakunja uso.

"Leo hayanuki petroli. Haya ni ya nani?"

"Ni yangu, mke wangu. Nimeyahamisha. Yalikuwa yanaua betri."

"Yarudishe mbele," akasema. "Yakinuka vile nikinywa katikati ya juma, naona kama upo."

Sikuyarudisha. Niliogopa lori lizime tena nimpoteze, nikayaacha nyuma miaka yote ile, naye kila juma alinusa kata kwanza, akanitazama, akanywa.