Jenerali Apanda Milima ya Mua

Niliondoka Tena, mtaa wetu wa Nairobi, kwa sababu ya mbwa. Jenerali, mbwa wa ploti yetu ya ghorofa nne, alikuwa akianza kubweka kukipambazuka na haachi. Anabwekea mikokoteni ya maji, anabwekea nguo kwenye kamba, na siku moja alibwekea sufuria yangu ya githeri kana kwamba imemtukana. Wapangaji wakakutana. Mwenyekiti wetu, Baba Akinyi, akatangaza kwamba kama mbwa hatakuwa amebadilika kufikia Jumapili, atatafutiwa kwao kwingine.

Baba Brayo, msimamizi wa ploti, ndiye aliyemlea Jenerali kwa chupa ya maziwa. Alinisimamisha langoni, machozi yakimlengalenga.

"Ticha, hiyo mbwa haina ubaya. Haijawahi kanyaga nyasi. Imezaliwa kwa simiti, imekulia kwa simiti."

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi. Miaka yote hiyo nilichora maua ya mlimani ubaoni, na sikuwahi kwenda kuyaona. Nikamwambia nitampeleka mwenyewe Milima ya Mua, yeye akakanyage nyasi, nami nikaone maua.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jirani yangu Mama Swaleh alileta gari lake la kubebea vitambaa, maana anauza vitambaa kwa jumla. Alikubali kwa masharti.

"Mwalimu, mimi nakaa mbele, mbwa anakaa nyuma, na pua yake inakaa nyuma zaidi. Pua mbichi ikigusa nguo yangu, kwa dini yetu ni kuifua mara saba, na moja kwa udongo. Hapa Tena nitatoa wapi udongo msafi?"

Akaweka marobota mawili katikati yao kama ukuta wa mpakani, tukaondoka.

Tulipovuka Mto Athi, Jenerali aliona pundamilia wakila nyasi kando ya uzio. Nilingoja abweke. Aliwatazama kwa muda, akajifunika turubai hadi masikioni.

Saa tatu tulifika Mua, baridi ikitupiga usoni. Mkulima mmoja wa parachichi, Mama Ndinda, alituruhusu kuegesha gari kwake.

"Mnatafuta nini?"

"Maua," nikajibu.

"Ya harusi ama ya mazishi?"

"Ya kuangalia tu."

"Mmetoka Nairobi kuja kuangalia tu? Aii!" Akamtazama Jenerali. "Na huyu?"

"Naye anaangalia."

Tukaanza kupanda. Ua la kwanza lilikuwa dogo, la samawati, limejificha kwenye nyasi. Nikatoa daftari. Kabla sijainamisha kalamu, Jenerali alikuwa amelikojolea. La pili lilikuwa jekundu, la duara, lenye nyuzinyuzi kama brashi ya kuoshea chupa. Hilo akalilalia. La tatu, la manjano, nililichora Mama Swaleh akiwa amelikinga kwa mwavuli.

"Linaitwaje?" akaniuliza.

Nikainama kulichunguza kwa karibu.

"Linaitwa... ua."

"Ahsante, Mwalimu. Sasa nimesoma."

Saa tano tulifika kwenye miamba. Juu ya jiwe alikuwa ameketi pimbi, mnyama mnene wa ukubwa wa sungura, hana mkia, anaota jua. Manyoya ya shingo ya Jenerali yakasimama. Nikajisemea, sasa tutaona ujenerali. Pimbi akapanua kinywa, akatoa ukelele kama bawaba isiyojua mafuta. Kamba ilinichomoka mkononi, nikaangukia kichaka cha miiba, na nilipoinuka mbwa hayupo.

Tulimtafuta karibu saa nzima. Mimi nilipiga mluzi hadi midomo ikakauka. Nilimfikiria Baba Brayo na ile chupa yake, nikaketi. Ningemwambia nini? Mama Swaleh alikuwa amepanda jiwe, anaita kwa sauti ile ya kuitia wateja:

"Jenerali! Jenerali wee! Njoo, mwanangu!"

Ghafla akainamia miguu yake.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo sana. "Usigeuke haraka. Kuna kitu kimeingia ndani ya buibui langu."

Nikageuka. Chini ya pindo kulikuwa na mkia. Mama Swaleh aliinua uso mbinguni, akashusha pumzi, kisha akaweka mkono juu ya kile kivimbe kilichokuwa kikitetemeka.

"Basi, basi. Amekwenda. Pimbi amekwenda."

Adhuhuri tulirudi kwa Mama Ndinda, ambaye alitupa karai, maji, na udongo wa kumtosha mtu yeyote. Mama Swaleh alifua, Mama Ndinda akimmwagia maji na kuhesabu. Wakabishana kama hiyo ni ya tano au ya sita, ikabidi waanze upya. Jenerali alikuwa amelala kwenye nyasi, tumbo juu.

Jumapili alasiri mkutano ulifanyika nyumbani kwangu. "Ameacha ukali?" Baba Akinyi akauliza.

"Ukali gani?" Mama Swaleh akadakia. "Huyu anaogopa kila kitu. Kule kubweka anatuita sisi."

Hakuna aliyemwamini. Ndipo mchuuzi wa mayai akapita na kipaza sauti chake, na Jenerali akaanza. Mama Swaleh akatoa kichwa dirishani. "Tupo, Jenerali!" Kimya. Kipaza sauti kikalia tena, mbwa naye tena. Baba Akinyi akainuka, akarekebisha kola, akakohoa.

"Tupo... bwana Jenerali."

Mbwa akalala. Baba Brayo akaenda kusimama jikoni kwangu, akanipa mgongo, akipangusa macho kwa kitambaa cha vyombo.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kufundisha maua miaka yote bila kuyajua majina, na kuishi na mbwa bila kujua anasema nini. Siku hizi ukipita kwetu asubuhi utasikia watu wazima wa ghorofa zote nne, wengine na mswaki kinywani, wakimhakikishia mbwa kwamba wapo. Kelele imezidi maradufu. Hakuna anayelalamika.