Matangi Yaliyosuguliwa Yakang'aa

Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye hakuitikia. Alikuwa ameweka kiganja juu ya mpira wa pampu, macho ameyafumba, kama anayempima mtoto homa. Nikadhani ana maringo. Kisha akafumbua macho. "Marahaba, mwanangu. Samahani, nilikuwa namsikiliza huyu. Leo anameza mchanga."

Hicho ndicho nilichokiona kwanza kwa Mama Pampu: kiganja. Mimi nilikuwa na wiki moja kazini, viatu vyangu bado vinang'aa. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa ya kuondoa maji katika mashimo ya misingi ya maghorofa. Shimo letu lilikwenda chini mita saba, na maji ya ardhini hayakuacha kuchuruzika humo.

Nilichofundishwa chuoni, yeye alinionyesha kwa vitendo. Maji hayo hayamwagwi ovyo. Yana tope, na yakigusana na saruji mbichi yanachoma ngozi. Hupitishwa kwanza katika matangi matatu yaliyoungana, yatulie, tope lizame, makali ya saruji yapunguzwe kwa dawa, ndipo yaende mtaroni. Mtaro wetu ulikuwa na nyufa, nao ulipita hatua chache kutoka kisima cha wifi yake Mama Pampu, mjane anayeishi kwa kufua nguo za watu.

Siku moja msimamizi aliamuru mpira utolewe matangini uelekezwe moja kwa moja mtaroni. Alitaka shimo likauke upesi.

"Mpira huo mimi siugusi," Mama Pampu alisema.

"Basi gusa ufagio."

Akapewa ufagio kweli, mbele ya wanaume aliowafundisha yeye mwenyewe kuwasha pampu! Na mimi, msomi, nilisimama pale nimefyata mkia. Aibu hiyo ningali nayo.

Mwezi haukuisha, wifi akaja getini na ndoo. Maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa brashi ya chokaa. Mikono yake ilikuwa imebabuka hadi kwenye viwiko.

"Wifi, si wewe ndiye mtu wa maji hapa? Mbona mnaninywesha zege?"

"Mtu wa maji alikuwa zamani, wifi yangu. Huyu unayemwona ni mtu wa ufagio."

Wakacheka wote wawili, kisha wifi akaanza kulia.

Msimamizi alikuwa akipita. "Hilo tope la mvua tu, mama."

"Mvua ipi, baba? Miezi miwili sasa hata wingu hatujaliona!"

Msimamizi alitazama saa yake akaenda zake, kana kwamba mikono ya yule mama ilikuwa ya mtu wa kwenye picha. Hapo ndipo nilipochemka. Mchana uleule niliandika barua kwa ofisi ya maji. Mama Pampu alijaza chupa mbili, moja mtaroni, moja kisimani, nami nikazipeleka mwenyewe.

Ofisi ilijibu kwamba mkaguzi angekuja Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ikamwarifu na msimamizi. Naye akaandika, na nakala nimeiona kwa macho yangu, kwamba matangi yamefanya kazi mwezi mzima bila kupumzika hata siku moja. Kisha akaamuru yasuguliwe na kujazwa maji ya bomba. Mpira ungerudishwa mkaguzi akifika getini.

"Yang'ae!" alimwambia Mama Pampu. "Mkaguzi ajione uso."

Akasugua jana kutwa, huku akiimba. Nilishindwa kuvumilia. "Mama, unamsaidia mtu huyu?"

"Wewe umesoma, mwanangu. Tangi la kutuliza tope likifanya kazi mwezi mzima, chini lina nini?"

"Tope."

"Haya, chungulia."

Nikachungulia. Chini kabisa niliona mhuri wa kiwanda, kila herufi inasomeka.

Leo ni Alhamisi, saa tatu kasoro dakika kumi. Msimamizi amevaa kofia mpya. Wifi ameketi juu ya ndoo yake, nje ya geti. Mama Pampu ameegemea ufagio, kiganja chake kipo juu ya tangi la tatu. Gari limekata kona; shingo zetu zote zimenyooka. Ni lori la kokoto.

"Tulia, mwanangu," ananiambia. "Dakika kumi bado."