Shingo ya Kijiti

Jina la Mama Vichwa alipewa na mtaa, naye hakulikataa. Kila mwaka, siku ya maandamano ya mtaa, yeye ndiye aliyetengeneza vile vichwa vikubwa vya karatasi na gundi ya unga vinavyovaliwa mpaka mabegani: kichwa cha mkunga aliyefariki, cha fundi cherehani, cha yule mzee mkorofi wa duka la mafuta ambaye watoto walimzomea akiwa hai na kumshangilia akiwa karatasi. Mtaa haukuwazika watu wake moja kwa moja, uliwatembeza kwanza.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Kijiti, mwanawe wa pekee. Homa ilimchukua kabla hata gari la kumpeleka hospitali halijapatikana. Na Kijiti huyohuyo ndiye aliyevivaa vichwa vya mama yake tangu ujana wake, akitembea kwa kunyatianyatia kama kuku anayepita kwenye tope, na watu wakivunjika mbavu kwa kicheko.

Mwanzoni Mama Vichwa alikataa katakata. Kisha likamjia wazo lililomnyima raha: kichwa kikitoka sawasawa, atamwona mwanawe akitembea tena mtaani, mara moja tu. Hakutaka kitu kingine duniani. Akabandika karatasi juu ya karatasi, akakosea pua, akabomoa, akaanza upya. Alilia ndani ya ndoo ya gundi, na gundi ikashika vilevile.

Siku ikafika. Ngoma zikiwa zimeshaanza barabarani, kinyozi wa jirani aliinama avae. Kichwa kikagoma mabegani.

“Mama, hakiingii.”

“Sukuma taratibu, mwanangu.”

“Nimesukuma. Nikizidisha kitapasuka.”

Akajaribu muuza maji, akajaribu mpiga tarumbeta. Wapi. Mdogo wake Mama Vichwa, mshonaji wa mavazi ya maandamano, akaleta utepe, akapima uwazi wa shingo. Hapo Mama Vichwa akaelewa. Miaka yote mikono yake ilikata shingo kwa kipimo cha mabega membamba ya Kijiti, na safari hii ilikata hivyohivyo bila kumwuliza.

“Ipasuliwe tu, dada,” mdogo wake akasema.

“Nani apasue?”

Hakuna aliyejitokeza. Kinyozi, mtu wa kushinda na wembe mkononi, aliangalia ukuta.

“Ngojeni kwanza,” Mama Vichwa alisema, “labda…” Nje, kiongozi wa msafara alikuwa akiita.

Akachukua kisu mwenyewe. Alipasua shingo ya mwanawe kuanzia chini hadi karibu na sikio, rangi ikibanduka na kumwangukia miguuni, huku akinong’ona, “Vumilia, baba, vumilia,” kama enzi zile akimshika achomwe sindano.

Kinyozi akaingia. Kijiti alipotokea mlangoni mtaa mzima ulipiga vigelegele, na kweli uso ulikuwa wake: pua ileile, jicho lilelile la utani. Mama Vichwa akaushika mlango, akasubiri atembee.

Akatembea. Hatua zilikuwa pana, nzito, visigino vikigonga lami. Ulikuwa mwendo wa kinyozi.

“Si yeye,” alisema.

“Jamani, dada, ni mwenyewe. Angalia, watu wote wamemjua.”

“Mimi ndiye mama yake,” akasema. “Si yeye.”