Pua ya Bwana Rafe

Kijitabu cha historia ya kanisa letu la Mtakatifu Etheldreda, hapa Hallingmere, kinawataja walioliharibu kwa kirefu kuliko waliolijenga. Radi iliangusha kilele cha mnara mwaka 1602. Askari wa Bunge, waliokuwa wakipigana na mfalme, walivunja vioo vya rangi mwaka 1644, kwa sababu za kiroho. Kasisi wa mwaka 1868 aliipaka chokaa picha ya Siku ya Hukumu iliyokuwa ukutani, kwa kuwa shetani mmojawapo alifanana mno na askofu. Waliojenga wamepewa neno moja: mafundi.

Muriel Pask alikijua kijitabu hicho kwa moyo. Mumewe, Cyril, alipofariki, alikuja kuuliza kama kuna kazi ya Jumamosi, akapewa shaba ya kusugua. Yaani Bwana Rafe Thurkell, aliyefariki mwaka 1431, ambaye sura yake imechongwa kwenye bamba la shaba juu ya kaburi lake, sakafuni karibu na madhabahu, na miguuni pake kalala mbwa. Mkewe, Bibi Amice, yuko ubavuni pake, ila amefunikwa na benchi la waimbaji ambalo hakuna aliyewahi kuthubutu kulisogeza.

Kwa miaka arobaini na moja Muriel alipiga magoti juu ya mfuko wa plastiki, akafungua kopo la dawa ya kung'arishia shaba, akamsugua Bwana Rafe mpaka akang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Alikosa Jumamosi moja tu, alipopasuliwa tumbo, na hata hiyo alituma maelekezo kutoka hospitali. Mimi ni mzee wa kanisa, cheo ambacho kwetu hupewa asiyehudhuria mkutano wa uchaguzi. Nayakumbuka maelekezo yale. Yalikuwa kurasa tatu.

Wakati wa Kwaresima, dayosisi ikamtuma Dakta Ormesby kukagua mali za kale. Alilala kifudifudi na tochi yake kwa muda mrefu.

"Huyu bwana hana pua," akasema.

"Alikuwa nayo," kasisi wetu, Philippa, akajibu.

Alikuwa nayo kweli. Dakta alikuja na nakala ya bamba hilo, iliyochukuliwa kwa karatasi mwaka 1911: pua, masharubu, hata mifuko chini ya macho. Sasa uso ulikuwa kama sabuni iliyobaki bafuni. Akaingiza tochi chini ya benchi, akamkuta Bibi Amice ana kope zake zote.

Jioni hiyo halmashauri ya kanisa ilikaa kumsikiliza. Muriel alikuwa akigawa chai. Kanisa zima lilinuka dawa ya shaba, na Dakta alikuwa na pua nzima. Lakini alilelewa vizuri.

"Nitaandika kwamba ni miguu ya waumini," akasema, "karne baada ya karne. Mtazungushia kamba, basi."

Tukashusha pumzi. Kamba ingezuia miguu, Muriel angebaki na Jumamosi zake, na hakuna ambaye angelazimika kusema lolote.

"Ehe, miguu," akasema Philippa. "Miguu ndiyo hasa."

Jumapili tunafika kumi na wanne.

"Miguu ipi?" Muriel akauliza, birika mkononi. "Mwaka 1911 alikuwa na masharubu. Tangu hapo waumini wanakuja wamevaa msasa?"

"Muriel mpenzi," Philippa akasema, "hebu tuletee maziwa."

"Maziwa yako mbele yako, Mchungaji. Dakta, andika ni mimi. Pua nimeimaliza mimi."

"Hakuna haja, Bi Pask..."

"Muriel," nikamwambia, "ukisema hivyo, Jumamosi zako zimekwisha."

"Najua, Desmond, sijazeeka kichwa. Na nikinyamaza, baada ya miaka mitatu hana macho. Huyu nimemtazama kuliko nilivyomtazama Cyril, Mungu amrehemu. Siwezi kumla mtu uso halafu nikawasingizia marehemu."

Akammiminia Dakta chai. Dakta akaandika.

Bwana Rafe alifunikwa kwa zulia, dawa ikapigwa marufuku kwake. Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, Muriel akaja na kikapu chake kama kawaida. Alikaa benchini akalitazama zulia kitambo. Nilijifanya nahesabu vitabu vya nyimbo.

"Huyu tai wa shaba anayebeba Biblia," akasema hatimaye, "ni wa lini?"

"Wa 1887. Dakta kasema hana thamani yoyote."

"Vizuri," akasema, akafungua kopo.

Kijitabu kimechapishwa upya. Baada ya kasisi wa chokaa niliongeza kwamba Bi Muriel Pask aliufuta uso wa Bwana Rafe kwa upendo. Nilimpa aupitie mswada. Alikata "upendo" akaandika "kitambaa", na hivyo ndivyo ilivyochapwa.

Tai ameshaanza kupoteza manyoya ya shingoni. Halmashauri imeliona hilo, na imeamua kutolijadili.